Utando Mweusi wa Chini ya Mto

Kwetu milimani, Kongo ya mashariki, tulilelewa na neno moja: maji yanayotembea ni safi. Ukiona mawe chini, kunywa. Neno hilo lilivuka bahari pamoja nasi, na ndilo lililonigombanisha na kanisa zima hapa Fort Worth, Texas.

Kabla ya Texas nilikaa kaskazini mwa Marekani, karibu na mto wa maji maangavu, baridi ya kuuma mifupa. Mbwa wangu alitafuna utando mweusi uliobanduka kwenye mawe ukakaukia ukingoni. Hakufika nyumbani. Miguu ilimtetemeka, akaanguka, akakata roho mikononi mwangu. Mama mmoja wa ofisi ya maji alinieleza kwamba ni bakteria, wanamea chini kabisa, juu ya mawe, hata kwenye baridi. Si kila utando una sumu, alisema, ila kwa macho huwezi kujua upi unao.

Sasa siku ya ubatizo wangu, mtoni hapa Fort Worth, baridi haijaisha vizuri, nimeshavaa kanzu nyeupe, namwona mjukuu wangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, ameketi kwenye kokoto za ukingoni. Ana kipande cheusi mkononi, anakipeleka mdomoni.

"Aka!" Nilimrukia, nikampokonya kabla hakijagusa midomo, nikakitupa chini, nikamwosha vidole kwa maji ya chupa. Nilipotazama mtoni, mawe yote yalikuwa yamevaa utando uleule, palepale tulipotaka kuzamishwa. Nikapaza sauti: "Hakuna mtu kuingia! Watoto watoke wote!"

Mchungaji, aliyekuwa ameshasimama majini, alicheka. "Mama, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

"Nimevua viatu tu. Navivaa."

"Hayo ni majani, mama. Na maji yanatembea. Imani yako iko wapi?"

Hapo damu ilinichemka. Imani! Mimi niliyevuka misitu na mtoto mgongoni, leo niulizwe imani kwa sababu nimekataa mjukuu wangu ale sumu? Nilikiokota kipande kile, nikamnyooshea palepale ukingoni.

"Kula basi, Baba Mchungaji. Ukimeza, naingia."

Alikitazama kipande, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia begani kwa binti yangu. Hakukipokea. Alitoka mtoni polepole, kanzu ikichuruzika, na akina mama wakaanza kuwabeba watoto wao kuwarudisha kwenye magari.

Nilibatizwa alasiri ileile, kwenye bwawa la kuogelea la apatimenti zetu. Maji yalikuwa baridi na dawa yake iliniwasha macho. Nilipoibuka nilipiga vigelegele mwenyewe, maana wengine walikuwa wamenuna.

Mpaka leo wapo wanaonong'ona kwamba ubatizo wa bwawani si ubatizo, na kwamba nilimwaibisha mtumishi wa Mungu. Wanong'one wachoke. Mbwa nilimzika. Mjukuu simziki.