Kasiksi Ilivyoingia Katika Sheria

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sake, mkuu wa ofisi alinikabidhi muhuri na fomu za aina mbili: ruhusa ya kuuza kinywaji na ruhusa ya kupiga muziki. Mwenye baa alihitaji zote mbili, na kila moja ilisainiwa ofisi tofauti. Kwa hiyo mmoja aliuza bia kimya kama kanisani, na mwenzake akapigia gitaa watu wenye kiu. Mimi, kijana mwenye kiherehere, niliona huo ndio utaratibu.

Kisha nikahamishiwa Burungu. Huko Mama Riziki, mjane, alilea watoto wake kwa kuuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika baa yake ndogo. Fomu ilitaja bia ya chupa na pombe kali tu. Mkuu mpya, mtu wa karatasi, akaagiza nimletee sampuli iliyozibwa na kutiwa muhuri, na baa ifungwe mpaka maabara ya mjini ijibu. Mama Riziki aliniuliza kama watoto wake watakula huo muhuri.

Nikajaza kasiksi kwenye bidoni, dumu la plastiki, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote. Mimi niliyekulia migombani Masisi nilisahau kwamba kasiksi changa bado inachacha, lazima ipumue! Mama Riziki aliona, akanyamaza, akapanda pikipiki nyuma yangu. Tulipofika ofisini bidoni ilikuwa imevimba kama tumbo la mbuzi aliyeiba maharagwe. Mkuu alipoigusa, kifuniko kiliruka. Alilowa kuanzia kipara hadi soksi, pamoja na amri ya kufunga baa, ambayo alikuwa hajaisaini.

Akaramba midomo, akasita, akauliza atajuaje kwamba haina sumu. Mama Riziki akamimina kikombe kutoka kwenye mabaki, akanywa kwanza, ndipo akampa.

"Papa Shefu, kwetu mwenye pombe njo anaonja wa kwanza. Kama iko mubaya, mimi njo nitaanguka mbele yako. Maabara gani inaweza kufanya vile?"

Mkuu akanywa, akacheka mpaka akakaa. Siku hiyohiyo akampa Mama Riziki ruhusa ya muda, nami akaniagiza niandike pendekezo la kubadilisha kanuni. Lilizunguka ofisi nyingi, na kila ofisi nililifuata bila aibu. Kanuni mpya ilipotoka, kinywaji na muziki vilikuwa kwenye karatasi moja, kasiksi imetajwa kwa jina, na muuzaji ameamriwa aonje kwanza mbele ya mteja. Nililia kwa furaha, na sioni haya kulisema.

Nilimalizia kazi Walikale, na huko ndiko nilikostaafu. Majuzi niliingia buveti moja, kibaa cha mtaani, ambayo mwenyewe, dada mmoja, hanijui. Spika ilikuwa inaimba, ruhusa imebandikwa ukutani. Nikaagiza kasiksi. Dada yule akanywa kwanza, nami nikamtania kwamba amenipunja.

"Hapana, Papa. Iko sheria. Bakubwa ba Kinshasa njo baliitunga."

Nikapokea kikombe, nikamwambia bakubwa hao lazima walilelewa na mama mwenye akili sana.