Nyanya Zilizofika Buluk Zimelewa

Aibu hii sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu, lakini leo wacha niitoe mwenyewe, maana mkiisikia kwa Keji mtaipata imetiwa chumvi.

Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Kenya na diploma yangu ya kilimo (niliisomea kwa jasho langu, nikibeba matofali kila likizo, sikulipiwa na mtu), na siku ya kwanza kwa kina Keji, mchumba wangu, pale Buluk, babake, mzee aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, akaniuliza, "Hii diploma iko nafanya kazi gani?" Nami, badala ya kujibu kama watu, nikamwahidi miche ya nyanya ambayo Juba haijawahi kuiona. Akasema akiiona, nitaruhusiwa kuleta wazee wangu kuposa.

Sasa, kwangu Munuki kuna mbuzi, na kuna majirani wa kuiga, kwa hiyo nikaotesha miche yangu chumbani, mbele ya kidirisha kimoja, nikafunga mlango. Baada ya wiki tatu yote ilikuwa imerefuka shingo, imepauka, imelala upande wa dirisha. (Mmea huinamia mwanga, swali hilo kwenye mtihani nililipata lote.) Zikiwa zimebaki siku mbili niipeleke Buluk, nikapata wazo la kisomi: nigeuze makopo, ijinyooshe yenyewe. Ikageuka kweli, lakini vichwa tu, mashina yakabaki yalivyolala, kila mche ukawa kama nyoka anayekimbia. Nikaipakia hivyo hivyo kwenye boda boda, nimevaa tai, diploma kwapani, kwenye fremu.

Kufika, Mama Keji akafunua gunia nililofunikia miche. Akainama, akauchungulia mche mmoja. Halafu: "Ya ustaz, hizi nyanya umezinywesha nini? Zimelewa!"

Mashangazi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee hakucheka.

"Kijana, hii nyanya iko natafuta jua. Yeye hana diploma, lakini anajua. Wewe iko nafungia yeye ndani sababu gani?"

Nikaanza kueleza jinsi upande wa shina ulio kivulini unavyorefuka zaidi, Keji akaninong'oneza, "Nyamaza, tafadhali."

Mama Keji akachukua jembe, akalaza mashina yote yaliyopinda ndani ya udongo, vichwa tu vikabaki juu. "Zikisimama," akasema, "lete wazee."

Zilisimama. Nyanya za kwanza zililiwa siku ya posa, na kila mgeni alisimuliwa zilivyofika zimelewa. Fremu niliiacha Munuki. Tangu siku ile sioteshi kitu chumbani, na baba mkwe akiniuliza jambo lolote la kilimo, namwambia amuulize mama mkwe.