Shimo Chini ya Karo

Mama alinipigia simu asubuhi nikifungua duka langu la mapazia Ruiru, akaniambia maji yake ya kufulia yanapotea.

"Yanapotea vipi, Mama?"

"Nayamwaga kwenye karo, hayafiki mtaroni. Yanaingia kwenye ufa, yanaenda zao. Na huko chini kuna sauti, kama mtu anakunywa."

Nilicheka. Lakini maneno yale ya mwisho yalinikaa kichwani mchana kutwa, na jioni sikwenda nyumbani Gatongora. Nilienda Thika.

Mama anaishi Makongeni, katika nyumba ya mawe ambayo baba aliinunua kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ina sebule na vyumba viwili. Nyuma kuna ua mdogo uliomwagwa simiti, na kwenye pembe ya ua, kando ya ukuta wa chumba anacholala Mama, palikuwa na karo: jukwaa la simiti lenye kingo, bomba juu yake, mahali alipofulia na kuoshea vyombo tangu nikiwa msichana. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye karo ukaelekea ukutani. Ulikuwa mwembamba, lakini nilipomimina kikombe cha maji juu yake, uliyameza yote.

Tangu baba afariki Mama anaishi peke yake. Nimemsihi sana ahamie kwangu, naye hunijibu kwamba kwangu hakuna mtu wa kugombana naye. Mtu huyo, kwa Mama, ni jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikuyu wa rika lake, muimbaji wa kwaya kanisani. Wamegombana na kupikiana kwa miaka mingi. Ndiye aliyetutafutia fundi.

"Huyu alinitengenezea veranda," aliniambia. "Anaongea sana, lakini kazi yake ni safi. Anatoka huko Juja."

Fundi alikuja na shemeji yake kwa pikipiki, wamebeba vifaa kwenye gunia. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza ua mzima. Alimsalimia Mama kwa "Salaam aleikum" iliyopinda, Mama akaitikia akiwa anazuia kicheko. Alipiga magoti, akagonga sakafu kwa nyundo huku ameinamisha sikio. Alipofika karibu na ukuta wa chumba, mlio ulibadilika. Ukawa mzito na wenye mwangwi, kama wa pipa tupu.

"Hapo mbona pamelia tofauti?" nikamuuliza.

"Ni vile simiti ya hapo ni nyembamba, madam. Watu wa zamani walikuwa wanabana matumizi."

Akachokonoa ufa, akausafisha, akaujaza kokoto na simiti, akaulainisha kwa mwiko mpaka ukapendeza kuliko sakafu nyingine yote. Kufikia alasiri alikuwa amemaliza. Mama alifurahi. Mimi nilirudi Ruiru na ule mlio masikioni.

Kisha mvua zikaanza. Nikawa nampigia Mama kila nikiamka kumuuliza habari za ufa, hadi akachoka. "Ufa haujambo," alinijibu siku moja. "Umeniuliza habari zake mara nyingi kuliko zangu." Niliona haya kidogo, lakini sikuacha. Kulikuwa na kitu kilichonisumbua na sikuwa na jina lake. Nikipima pazia la mteja, mawazo yalikuwa chini ya ule ukuta.

Mchana mmoja mvua ikimwagika, fundi akanipigia. Nilidhani anatafuta kazi nyingine. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Madam, mama yako ako wapi?"

"Yuko nyumbani. Kwani vipi?"

"Mtoe. Sasa hivi. Atokee mlango wa mbele, asipite nyuma kabisa."

Nilimuuliza kuna nini, akanieleza huku akihema. Alikuwa upande wa pili wa Makongeni akichimba msingi wa ukuta katika nyumba ya aina ileile, na ardhi ikafunguka chini ya sululu. Shimo la choo cha zamani, la kabla ya nyumba kuunganishwa na mabomba ya maji taka. Waliotangulia walikuwa wamelifunika kwa magogo, wakamwaga simiti juu, maisha yakaendelea. Sasa magogo yalikuwa yameoza. Mwenye nyumba, mzee wa miaka mingi hapo, alikuwa amemwambia kwamba nyumba zote za enzi hiyo zilikuwa na mashimo kama hayo.

"Nikakumbuka ule mlio," fundi akasema. "Nilikosea, madam. Ile haikuwa simiti nyembamba. Nakuja huko mimi mwenyewe, lakini mpigie, mpigie tu."

Nikampigia Mama. Simu ilikuwa imezimwa. Nikaangalia nje, nikakisia saa: ilikuwa wakati wa sala ya alasiri. Mama akisali huzima simu, na husali chumbani kwake, mkeka wake ukiwa umetandikwa hatua chache tu kutoka ukuta wa nyuma. Na akishapiga takbiri ya kuanza sala, hata nyumba ingeungua hafungui mlango.

Nikampigia jirani. Alishika simu upesi.

"Nenda kwa Mama," nikamwambia. "Mgongee, apite mbele. Chini ya nyumba kuna shimo. Usikate simu."

"Woi! Shimo gani tena?"

"Nenda tu, nakuomba."

Nilimsikia akitoka. Nilisikia mvua ikipiga mabati, viatu vyake vikiparuza kwenye tope, kisha ngumi mlangoni. "Jirani! Jirani, fungua! Wee, toka huko!" Hakuna jibu. Akagonga tena, akaita tena, na mimi nimesimama katikati ya duka nikiwa nimeshika kitambaa cha mteja, mteja mwenyewe ananitazama. Nikasikia pikipiki. Nikasikia sauti ya mwanamume. Kisha kishindo, mbao zikipasuka. Kelele. Kisha kishindo cha pili, kizito, kirefu, kama lori limemwaga mawe. Jirani akapiga ukemi, "Ngai!" na simu ikakatika.

Nikapiga, haikupokelewa. Nikampigia fundi, hakushika. Nilimwacha mteja na duka, nikatoka kwenye mvua. Safari ya kwenda Thika siikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikisoma aya moja, na kila nikifika katikati naisahau, naanza upya.

Getini kwa Mama palikuwa na watu. Waliponiona wakanipisha, na kule kupishwa kuliniua kabisa, kwa maana watu humpisha mfiwa. Ndipo nikasikia sauti ya Mama kutoka kwenye veranda ya jirani, imejaa hasira.

"Amenivunjia mlango na sala yangu! Nikiwa kwenye sijda! Nimebebwa kama gunia la viazi, mtu mzima mimi!"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunikwa shuka ya jirani, mkeka wa kusalia umekunjwa mapajani. Nilimshika uso, mikono, mabega. "Niache," akasema, lakini hakuiondoa mikono yangu.

Fundi alikuwa amesimama pembeni, ametapakaa tope. Kishindo cha kwanza kilikuwa mlango wa mbele akiuvunja kwa bega. Cha pili kilikuwa karo. Walikuwa hawajafika getini ilipozama.

Aliniongoza hadi nilipoweza kuona bila kukaribia. Karo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mdomo mweusi, mpana, wenye harufu ya udongo wa zamani, na bomba lilining'inia juu ya hewa tupu. Ukingo wa shimo ulikuwa umeingia chini ya ukuta wa chumba cha Mama. Kiraka chake fundi kilikuwa bado kimeshikilia ukingoni, kizima, laini vilevile.

Usiku ule nilimchukua Mama tukaenda Gatongora. Mjomba, kaka yake Mama, alipiga simu akasema kazi ile apewe mtu mwingine. "Huyo ndiye aliyewaambia ni ufa," alisema. "Mtu akikuponza mara moja, humpi kisu tena." Yule yule aliyetuambia hakuna hatari ndiye aliyemtoa Mama mikononi mwa kifo, na sikujua nimpime kwa lipi.

Asubuhi niliporudi kwa Mama nilimkuta fundi uani kabla sijamwita. Alikuwa amezungushia shimo kamba na vijiti ili watoto wasikaribie.

"Mara ya kwanza ulisema ni simiti nyembamba," nikamwambia.

"Ndiyo. Nilikosea."

"Nitajuaje hukosei tena?"

Alijikuna kichwa. "Hutajua, madam. Siwezi kukudanganya. Unaweza kukaa hapa uniangalie, uniulize kila kitu. Ama utafute mwingine, sitakasirika. Lakini huyo mwingine asianze kuchimba kabla hajaegemeza huu ukuta kwa nguzo. Mwambie hivyo, hata kama si mimi."

Ni hilo neno la mwisho lililonifanya nimpe kazi. Wasiwasi haukuniisha, ila niliona heri niwe na wasiwasi nikiwa na mtu aliyekiri, kuliko na mgeni mwenye kujiamini.

Akaegemeza ukuta kwa magogo manene. Lori la kunyonya maji taka likaja likalitoa tope jeusi lililokuwa shimoni. Kisha yeye na shemeji yake, na vijana wawili aliowachukua mtaani, wakaanza kulijaza shimo: mawe makubwa chini, kokoto juu yake, udongo mwekundu, kila tabaka wakilishindilia kabla ya kuongeza lingine. Nilifunga duka nikashinda pale, nikiuliza. Mbona hapo hapajashindiliwa? Hiyo nguzo si imelala? Alijibu kila swali, wakati mwingine kwa subira, wakati mwingine akikunja uso. Ile sauti yake ya kujaza ua ilikuwa imepungua. Kila wingu likijikusanya sote tulitazama juu, na wao wakakimbilia kuvuta turubai.

Kuna siku moja hakutokea. Simu haikuingia. Ukuta ulikuwa umesimama kwa magogo tu, mvua inatisha, na mjomba amenipigia kuuliza maendeleo. Nilisema mambo ni shwari. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama nikiutazama ule ukuta kana kwamba macho yangu ndiyo yanayouzuia. Nikafikiria hadithi zote nilizowahi kusikia za mafundi waliotoweka kazi ikiwa nusu, na nikafikia kuamini kwamba amekimbia. Kesho yake alifika mapema. Mtoto wake alikuwa amelazwa na homa ya mapafu, na simu aliiacha kwa mkewe hospitalini, ikaisha chaji.

"Ungetuma mtu," nikasema.

"Ningetuma," akakubali. "Kichwa hakikuwa hapa."

Nilimuuliza mtoto anaendeleaje, akasema anapumua vizuri sasa. Akavaa gambuti zake za mpira akaingia shimoni.

Juu wakatandaza wavu wa vyuma, wakachanganya zege, wakamwaga sakafu mpya nene, iliyoingia hadi chini ya msingi wa chumba. Akatukataza kuikanyaga mpaka ikomae, na kwa muda huo akawa anapita kuimwagilia maji kila asubuhi akielekea kwenye kazi nyingine. Huko Gatongora, Mama alikuwa ananimaliza. Chai yangu nyepesi, majirani zangu hawajui kusalimia, kuku wa hapa hawana ladha. Nilijua anataka kwake. Mimi sikutaka arudi hata kidogo, na nilikuwa nikitunga sababu za kumchelewesha: rangi haijakauka, mlango mpya haujafungwa vizuri.

"Mwanangu," aliniambia mwishowe, "kama ni kufa, hata hapa kwako kuna ngazi."

Basi nikamrudisha. Fundi alikuwepo, magogo yameshaondolewa, karo mpya ikiwa imehamishwa upande wa pili, karibu na geti. Mama aliikanyaga sakafu bila kusita, akaenda hadi ukutani akarudi. Mimi nilipita pembeni nikishika ukuta, na hata leo hupita pembeni. Alimsogelea fundi, nikadhani anamshukuru.

"Siku ile," alimwambia, "ungenisubiri nimalize sala nitoe salamu tu, ningetoka mwenyewe."

"Haki mama, ningesubiri salamu, saa hii tungekuwa tunakuombea."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani kumtengenezea chai ya maziwa yenye tangawizi, na akamfungia chapati za kumpelekea mtoto.

Habari ilishaenea mtaani. Baadhi ya watu walimwita fundi aje agonge sakafu zao, wengine walisema hizo ni njama za kutafuta kazi. Jirani yetu ndiye aliyechelewa kuliko wote. Aligongewa, mlio ukawa mbaya, lakini akasema atangoja kwanza harusi ya mjukuu wa dada yake ipite. Nikawa nampigia na yeye mvua ikinyesha. Juzi amekubali. Fundi anaanza wiki ijayo, na kwa kuwa chumba chake hakitalalika, Mama amemwambia ahamie kwake.

Nilipofika jana niliwakuta tayari wanabishana kuhusu redio. Jirani anataka nyimbo za kanisani asubuhi, Mama anataka Kurani. Niliwaacha hapo, nikaenda nyuma kuona kama mvua ya usiku imetuamisha maji mahali. Sakafu ilikuwa kavu.