Sekunde Kumi na Moja na Beseni la Sambaza

Mdogo wangu alipochumbiwa hapa Gisenyi, mimi nilikuwa dereva wa lori la kreti za bia kutoka Rubona, na nilijiona bingwa. Basi kaka mkubwa wa bwana harusi, aliyerudi kutoka Uganda na gari dogo jekundu, akatangaza kwamba gari ni lake, usukani ni wake, na ni yeye atakayempeleka bibi harusi kanisani. Damu ilinichemka. Baba yetu tulimzika Karagwe, Tanzania, tulikokulia. Aliyemlea yule binti ni mimi. Kumfikisha mlangoni pa kanisa ilikuwa kazi yangu, na nilitaka kuifanya kwa mikono yangu.

Mdogo wangu alichoka kutusikiliza.

"Zungukeni kiwanja," alisema. "Atakayetumia muda mfupi atanipeleka. Mwingine atabeba keki."

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mpira, kimezungukwa na njia ya vumbi ambayo upande mmoja inateremka kuelekea ziwani. Jumapili baada ya misa, nusu ya parokia ilijipanga pembeni. Bwana harusi alishika saa, maskini, maana yeyote ambaye angeshindwa angekuwa shemeji yake au kaka yake. Kaka yake alizunguka kwa sekunde hamsini na moja. Mimi, kwa gari lilelile, sitini na mbili.

"Usijali, brother," alinipiga begani. "Keki nayo ni kazi."

Niliomba kurudia Jumamosi. Alikubali, tena akaniazima gari nifanye mazoezi jioni, kwa ukarimu wa mtu anayejua keshashinda. Nilimchukia kwa roho safi kabisa.

Aliyenifundisha hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa jirani yetu, mama muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu. Kila asubuhi alitoka navyo Rubona, beseni kichwani, akapita kona zote za barabara ile bila kudondosha hata kimoja. Alipanda kiti cha nyuma, akapakata beseni lililojaa maji na samaki. Kona ya kwanza, maji yakamrukia kifuani. Nikala kofi la kisogo.

"We shofere, unaangalia gurudumu ya nini? Itatoroka? Angalia kwenye unaenda!"

Kona ya pili nilikanyaga breki katikati. Kofi jingine.

"Breki unakanyaga mbele, njia ingali sawa. Mi nikifika kwa kona nakuwa nimeshapunguza. Donc, yaani naingia pole, natoka na nguvu."

Nilitaka kubisha, lakini kisogo kilikuwa changu, nikatii. Nikajifunza kuianza kona kutoka ukingo wa nje, nikalipitisha gari karibu na jiwe la ukingo wa ndani, kisha nikaliachia lijinyooshe ndipo nikanyage mafuta. Kufikia Alhamisi maji yalitulia kwenye beseni mzunguko mzima. Ila saa ilikataa kushuka chini ya hamsini na sita.

Ndipo mama yule, kwenye upande wa mteremko, akainua kichwa.

"Mbona iko kimya?"

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa kwenye ufunguo. Madereva wote wa Rubona tulizima injini kwenye kila mteremko kuokoa mafuta, kwa sababu tajiri alipima tangi kwa kijiti. Mkono umezoea, ukazima wenyewe, kila mzunguko, na mimi sina habari. Nikifika chini naanza kutafuta moto wakati mwenzangu keshapita.

"Mutu iko kwa mashindano, na anazima moto!" Alicheka mpaka akamwaga beseni lote yeye mwenyewe. Hapo hakuna aliyepigwa kofi.

Jumamosi niliufunga ufunguo kwa kitambaa ili mkono usiuzungushe. Sekunde arobaini na tisa. Kaka wa bwana harusi aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Siku ya harusi alibeba keki, na kwa kweli aliibeba vizuri.

Siku hiyo bibi harusi alikaa nyuma, mama muuza sambaza kando yake akishikilia gauni. Nilizipita kona zote kama nilivyofundwa. Hata ua moja la shada la bibi harusi halikutikisika. Tukafika mteremko wa mwisho, kanisa likaonekana chini, watu wamejaa mlangoni. Nikatazama kioo. Mdogo wangu alikuwa anajiuma mdomo, kama alivyofanya asubuhi za mtihani kule Karagwe. Wiki nzima nilikuwa nimehangaika kupunguza sekunde, na sasa nilizitaka zote zirudi.

Nikazima injini.

Gari likateremka polepole, kimya. Nyuma yetu honi za msafara zikaanza kulalamika.

"Shofere, iko nini? Petroli imeisha?"

"Hapana, mama."

Mdogo wangu aliweka mkono begani kwangu.

"Kaka," alisema, "kanyaga na breki kidogo."