Nani Anakunywa Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Dodoma, mama wa Kigogo asiye na haraka, alinikabidhi daftari la wanachama akaniambia nisimwamini mtu anayejibu upesi. Nilikuwa afisa mikopo mwenye tai mpya. Nilidhani kazi ni kutoa makato kwenye mshahara na kuangalia kinachobaki, basi.

Mwezi wa pili akaja Mzee Chilongani, mlinzi wa shule, pamoja na mkewe. Mkopo wa ada za watoto ulikuwa umemshinda, akaomba auze kiwanja chao cha Msalato walikokusudia kujenga. Kiwanja ndicho kilichokuwa dhamana ya mkopo, kwa hiyo kibali cha kuuza kilitoka kwetu. Nilipiga hesabu, nikamhurumia, nikapeleka kibali kwa Meneja.

Hakusaini. Aliuliza kama nimeandika mifugo. Nikasema mzee amenihakikishia hana mali nyingine.

“Mwanangu, umetoka Tanga juzi. Sisi ng'ombe wetu hatuwataji kwa idadi. Kamuulize nani anakunywa maziwa yake.”

Nikauliza hivyo hivyo. Mzee aliinamisha kichwa, akamtaja mwenzake wa jando kule Mpwapwa. Alikuwa amemwekea ng'ombe sita awachunge, maziwa yawe yake. Hakuwa amenidanganya. Kwake hao walikuwa mahari ya mwanawe, hawakuwa fedha.

Aliyenichoma moyo ni mkewe, aliyekuwa akiuza karanga stendi ili marejesho yatimie.

“Baba Neema,” alisema taratibu, “miaka yote hii nakaa juani, kumbe tuna ng'ombe?”

Wakauza watatu, kiwanja kikabaki. Tangu hapo fomu zangu nilizijaza mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, nami niliuliza yote: mtama ulio ghalani, michango ya harusi, mifugo iliyo kwa watu, mikopo waliyowadhamini wengine. Nilifanya hivyo Kongwa nilikohamishiwa, na makao makuu hadi nikastaafu. Vijana, mkitaka kujinasua na madeni, anzeni na kile msichopenda kukitaja.

Nilipopata kiinua mgongo, nilikaa na mke wangu tukaijaza fomu ile, kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu. Tulipofika kwenye udhamini, nilishindwa kuandika. Nilikuwa nimemdhamini mdogo wangu kwa mkopo uliozidi kiinua mgongo chenyewe, na alikuwa ameacha kulipa. Niliona aibu sana. Mke wangu alisubiri mpaka nikaandika.

Akaisoma fomu mara mbili, akavua miwani, akauliza wadai wamenipa mpaka lini kulipa deni hilo.