Nilivyompimia mvua mzee wa Kiskochi asiyeona, Kilburn

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Aibu yangu imo humo humo na sitairuka.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa carer hapa London, Kilburn. Mimi mtu wa Wete, Pemba. Makaratasi nilishapata, na kazi ndiyo hiyo: kuogesha wazee, kuwapikia chai, kuwapa dawa.

Mmoja wao alikuwa Mzee Callum, mwalimu mstaafu wa mji mdogo kule Scotland. Mkewe alipofariki, binti yake akamleta London. Macho yalikuwa yanafifia.

Kule kwao, kwa miaka thelathini, kila saa tatu asubuhi alipima mvua, joto na mgandamizo wa hewa. Wakulima walimpigia simu kuuliza kesho itakuwaje.

Huku Kilburn akaweka kipima mvua uani. (Msifikirie mtambo, ni mkebe wa shaba wenye chupa ndani.)

Aliposhindwa kuona namba, akaniomba nimsomee. Supervisor wangu akasema hiyo haimo kwenye care plan, ile orodha ya kazi za kila mzee. Basi nikaifanya kwa muda wangu, kabla ya shift.

Akanifundisha: inama mpaka jicho liwe sawa na maji, na andika ulichokiona, si unachokidhani.

Asubuhi moja ya Ramadhani, baridi kali, nimechoka, sikutoka kwenda uani. Nikabuni namba. Milimita mbili. Nikaiandika kwenye daftari letu la vipimo, nikamsomea.

Akasema, "Hamadi, mvua imegonga dirisha langu tangu alfajiri. Hiyo si milimita mbili."



Hakunifokea. Alinisimulia kwamba mwaka mmoja kwao alishikwa na homa, hakutoka kusoma vipimo. Mfugaji jirani akapiga simu kuuliza kama awapandishe kondoo na watoto wao mlimani. Yeye, akiwa kitandani, akamjibu kuwa hali itakuwa nzuri. Theluji ikaanguka siku mbili mfululizo. Wanakondoo wengi wakafa.

"Hakunilaumu," alisema. "Aliacha tu kunipigia simu."

Nilichukua kalamu nikaikata ile namba. Siku ile ikabaki wazi.

Tangu hapo nikajiapia. Theluji, day off, sikuacha. Siku ya Idi nilitoka kuswali nikaenda kuinama uani na kanzu yangu.

Nikajifunza hata kubashiri kwa kipima hewa chake cha ukutani: mgandamizo ukishuka haraka na upepo ukigeukia kusini, mvua iko njiani. Mke wangu, aliyekuwa ananung'unika, akaanza kuniuliza kama aanike nguo.

Mwaka wa pili Mzee Callum aliomba vipimo vyetu viingizwe kwenye kumbukumbu rasmi za mvua. Akaja mama mmoja kutoka ofisi ya hali ya hewa kukagua.

Akafungua daftari, akauliza ile namba imekatwa kwa nini. Mzee akataka kunitetea, nikamtangulia.

"Siku ile niliandika uongo," nikasema.

Wakuu, nilijua naweza kumharibia mzee kazi yake ya mwisho. Lakini nilikuwa nimeshaamua.

 Yule mama akapekua kurasa zilizofuata, moja baada ya nyingine. Hapakuwa na siku nyingine iliyoachwa. Akatoa fomu, akauliza aandike jina gani la msomaji.

Mzee Callum akamtajia jina langu, herufi moja moja, taratibu, asije akakosea.

Baada ya hapo, kila Jumapili alimpigia mwanafunzi wake wa zamani, anayepima sasa kule mjini kwao, halafu ananipa simu tusomeane namba. Tukaenda hivyo mpaka alipofariki. Siku ya mazishi nilipima kwanza saa tatu, nikaandika, ndipo nikaenda kumzika.

Nilichojifunza: ukichemka, sema mwenyewe, halafu kesho yake rudi kazini. Watu wataiona hiyo kesho.

Nani hapa amewahi kukiri kosa kazini akiwa na cha kupoteza? Ilikuwaje? Na wa kunipopoa kwa ile milimita mbili, ruksa.