Damu Kwenye Manyoya ya Pamba

Mbwa wetu alikuwa anatoka damu bila kuwa na kidonda.

Msicheke. Nawasimulia kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Anaitwa Pamba, mweupe pe. Kila asubuhi mume wangu anamtembeza, na wakirudi mbwa ana vitone vya damu shingoni. Namwosha, napekua manyoya, sioni hata mkwaruzo.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Mama, mbwa wako mzima. Hii damu si yake."

Si yake? Ya nani basi?

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa nesi mmoja, mjane, ana kiuno na kicheko. Nikagundua Pamba akipita pale anatikisa mkia kama yuko kwao. Roho ikaniuma, jamani. Mbwa hazoei geti la mtu bure.

Nikajua narogewa mume.

Mimi naoka keki za kuuza. Silaha ninayoijua ni hiyo. Nikaanza kumkatia mume wangu vipande viwili kila asubuhi, nasimama pale pale mpaka amalize. Siku aliyosema ameshiba nikamwambia, "Mwanaume asiyemaliza keki ya mkewe, kuna anayemlisha kwingine."

Akala. Toka siku hiyo hakubakiza hata punje.

Jumanne moja nikawafuata. Leo ni leo, nikajisemea.

Mlango wa nesi ulikuwa wazi. Mume wangu kakaa, Pamba kalala miguuni pake, na yule mwanamke kamshika mkono.

"Endeleeni tu, msinijali," nikasema.

Nesi wala hakushtuka. Alikuwa anaminya tone la damu kutoka kwenye kidole, analiweka kwenye kipimo. Mume wangu akauvuta mkono kwa aibu, akamshika Pamba shingoni. Damu ikabaki kwenye manyoya.

"Sukari yake inapanda kila siku," nesi akaniambia. "Namuuliza anakula nini, ananiambia chakula cha kawaida."

Nikamgeukia mume wangu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema natafuta kisingizio cha kukataa keki yako."

Ningesema. Najijua.

Mume wangu alikuwa na kidonda kidogo mguuni, kikagoma kupona. Mwezi uliofuata hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu.

Dada zangu, kuna wanaosema wivu ndio mapenzi. Mimi nilimlisha wangu kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, na yeye maskini akala ili nisimuonee wivu.